Kilima Kimoja, Stesheni Mbili: Nini Hasa Kiliiua Crystal Palace High Level?

Waulize wenyeji wa kusini mwa London kwa nini stesheni ya Crystal Palace High Level ilifungwa, na wengi watakujibu bila kusita: kasri liliungua. Ni jibu fupi, linakumbukika, na ndani yake mna moto, vioo vinavyopasuka na umati mitaani. Linakwamishwa na kalenda. Kasri la Kioo, yaani Crystal Palace lenyewe, jumba kubwa la maonyesho la chuma na vioo, liliteketea usiku wa tarehe 30 Novemba 1936. Stesheni ilifungwa rasmi tarehe 20 Septemba 1954. Kati ya moto na kufuli ilipita karibu miaka 18, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo treni za umeme ziliendelea kupanda kilima, zikishusha watu, zikipakia wengine, zikiteremka.

Wengine watakuambia ni kazi ya Beeching, yule mwenyekiti wa shirika la reli ambaye ripoti yake ilisababisha maelfu ya stesheni za Uingereza kufungwa. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 1963. Kufikia hapo stesheni yetu ilikuwa imekwisha kubomolewa, miaka miwili nyuma.

Na wako wanaosimulia habari za treni iliyozikwa chini ya bustani ikiwa na abiria wake. Hiyo nayo ina asili yake, tutaifikia.

Basi hapa pana fundo, na kila anayelishika huvuta uzi mmoja tu. Mimi nimelipenda jambo hili tangu nilipoona picha ya kwanza ya ukumbi wa stesheni hii ulio chini ya barabara, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba stesheni hii haijatendewa haki hata katika kifo chake. Moto ulichangia, hilo halina ubishi. Lakini ugonjwa ulikuwemo mwilini tangu siku ya kuzaliwa.

Kwanza, zilikuwa mbili

Kilima cha Sydenham kimelala kama mgongo wa ng'ombe, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa bahari. Kwa jiji la tambarare kama London, hiyo si haba. Kwenye mgongo huo inapita barabara pana iitwayo Crystal Palace Parade. Kasri la Kioo lilisimama ukingoni mwa barabara hii, likitazama mteremko wa bustani yake. Stesheni ya kwanza ilijengwa chini, upande wa kusini wa bustani. Ya pili ilijengwa juu kabisa, ng'ambo ya barabara, sambamba na kasri lenyewe. Ndiyo asili ya majina: Low Level ni ile ya chini, High Level ni ile ya juu.

Ya chini ipo hadi leo na inaitwa Crystal Palace tu, bila nyongeza yoyote. Mkanganyiko mwingi huanzia hapa. Mtu anasoma kwamba stesheni ya Crystal Palace ilifungwa 1954, naye jana alishuka hapohapo.

Swali la maana ni kwa nini kilima kimoja kilihitaji stesheni mbili, na jibu lake tunalipata kwa watu walioleta kasri. Joseph Paxton, mtunza bustani wa Duke wa Devonshire, bwana mmoja mkubwa, aliyejifunza ujenzi kwa kujenga mabanda ya vioo ya mimea, ndiye aliyelibuni kasri hilo kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya mwaka 1851 katika bustani ya Hyde Park. Maonyesho yale yalitembelewa na watu zaidi ya milioni 6. Yalipokwisha, jengo likatakiwa kuondoka. Kampuni ikaundwa kulinunua, kulifungua kipande kwa kipande na kulisimamisha upya mahali pengine, kubwa kuliko lilivyokuwa. Mwenyekiti wa kampuni hiyo alikuwa Samuel Laing, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya reli ya London, Brighton and South Coast. Ardhi ya kilimani, shamba lililoitwa Penge Place, ilikuwa ya Leo Schuster, mkurugenzi wa kampuni hiyohiyo ya reli.

Kwa maneno mengine, waliochagua kilima hiki walikuwa watu wa reli, na walichagua mahali ambapo mtazamaji angenunua tiketi ya treni kabla ya kununua tiketi ya kuingia. Malkia Victoria alifungua kasri tarehe 10 Juni 1854, na stesheni ya chini ikafunguliwa siku hiyohiyo. Njia ndefu iliyoezekwa kwa vioo iliwapandisha watu kutoka stesheni hadi kasrini. Hata hivyo kupanda ni kupanda. Wazee, watoto, wanawake wenye magauni ya enzi ile yaliyopanuka kama hema, wote walifika juu wakihema.

Kampuni pinzani, London, Chatham and Dover, ikaona nafasi. Ikiwa kampuni ya Brighton inawafikisha watu chini ya kilima, sisi tutawafikisha mlangoni.

Mlango wa wageni

Kibali cha Bunge kilipatikana mwaka 1862, na tarehe 1 Agosti 1865 treni ya kwanza ikafika juu. Lilikuwa tawi fupi, chini ya kilomita 7, lililotokea pande za Peckham na Nunhead, likapanda msituni na kupenya mahandaki mawili: la Crescent Wood, kisha la Paxton, lililopewa jina la yule mtunza bustani. Msafiri alikuwa gizani, mara anatoka na kujikuta chini ya paa la chuma na vioo, ndani ya ukumbi wa matofali wenye minara pembezoni.

Mchoro wa stesheni ulikuwa wa Edward Middleton Barry. Baba yake, Charles Barry, ndiye aliyechora jumba la Bunge la Westminster. Yeye mwenyewe alikuwa amemaliza jumba la opera la Covent Garden miaka michache kabla. Mtu wa kiwango hicho haitwi kuchora kituo cha makarani wanaokwenda kazini. Aliitwa kuchora mapokezi ya kasri.

Sehemu iliyobaki ya kazi yake inaonyesha hivyo. Kutoka stesheni hadi kasrini abiria walipita chini ya barabara, na ukumbi huo wa chini kwa chini ungalipo. Nguzo zake zina pembe nane. Matofali mekundu na ya rangi ya krimu yamepangwa kwa zamu, safu juu ya safu, hadi jicho linaona michirizi inayoizunguka nguzo. Nguzo inapanda wima, kisha juu inachanua pande zote kama mnazi unavyofungua makuti, na makuti ya nguzo hii yanakutana na ya nguzo ile, na kukutana huko ndiko dari. Haya ni matofali, uzito wake unaujua, lakini pale juu yanaonekana kama yamekunjwa kwa mkono. Inaelezwa kwamba njia hii ilikusudiwa abiria wa daraja la kwanza. Mtaani wanasema pia kuwa mafundi waliletwa kutoka Italia, watu waliozoea kujenga chini ya makanisa. Hiyo ni hadithi ya mtaani, lakini aliyesimama pale anaelewa kwa nini ilizuka.

Sasa tusimame kidogo, kwa sababu uzi mkuu wa fundo hili uko hapa. Stesheni ya namna hii ilipimwa kwa kipimo cha umati. Na umati ulikuja kweli. Kampuni ya fataki ya Brock ilianza maonyesho yake kasrini mwaka uleule wa 1865. Kulikuwa na matamasha ya muziki wa Handel yaliyojaza waimbaji kwa maelfu. Kuanzia 1895 hadi 1914 fainali za Kombe la FA zilichezwa katika uwanja wa bustani ile, na ya mwaka 1913, kati ya Aston Villa na Sunderland, ilivuta watazamaji zaidi ya 120,000. Hebu fikiria mameneja wa reli siku hiyo: majukwaa hayatoshi, mabehewa hayatoshi, kila mfanyakazi ameitwa.

Kisha ikaja Jumanne asubuhi. Ukumbi uleule, minara ileile, paa lilelile la kusafishwa vioo, wafanyakazi wa kulipwa mshahara, na jukwaani wamesimama watu wachache. Umati wa sikukuu hukulipa siku moja na kukuachia gharama za mwaka mzima. Reli ya vitongojini huishi kwa kitu kingine kabisa: yule abiria mmoja anayekuja kila siku ya kazi, saa ileile, mvua inyeshe au jua liwake, na kurudi jioni. Ana tiketi ya msimu mfukoni. Hana habari na fataki.

Kampuni ya Chatham haikupata hata muda wa kulitafakari hilo. Ilikuwa imejenga sana kwa fedha za mkopo, na mwezi Mei 1866, benki ya Overend, Gurney ilipoanguka na kulitikisa soko lote la fedha la London, kampuni nayo ikafilisika. Stesheni ya fahari ilikuwa haijatimiza mwaka. Treni ziliendelea chini ya usimamizi wa wadai na mahakama, lakini huo haukuwa wakati wa kutafuta abiria wapya.

Majirani ambao hawakuja

Kwingineko London mambo yalikwenda hivi: reli inafika shambani, shamba linakatwa viwanja, nyumba za safu zinajengwa, makarani na mafundi wanahamia, na baada ya miaka 20 stesheni iliyokuwa peke yake kondeni imezungukwa na mitaa. Reli inajitengenezea abiria wake. Hata mpangaji wa kawaida alijua kwamba nyumba iliyo karibu na stesheni ina thamani.

Kwa nini haikuwa hivyo kilimani? Kwa sababu ardhi kubwa ya upande wa magharibi ilikuwa ya mfuko wa Chuo cha Dulwich, taasisi iliyoanzishwa na mwigizaji Edward Alleyn mwaka 1619. Mfuko huo uliilinda ardhi yake kama mtu anavyolinda heshima ya nyumba yake. Ulikodisha viwanja vikubwa kwa matajiri, ukahifadhi miti, ukakataa msongamano. Kampuni za reli zilizotaka kupita zililipa fidia kubwa na kulazimika kujenga madaraja ya kupendeza macho. Msanifu wa mfuko alikuwa Charles Barry mwana, kaka wa huyuhuyu Edward aliyechora stesheni. Fidia za reli zikasaidia kujenga majengo mapya ya Chuo cha Dulwich katika miaka ya 1860, na mchoraji wake akawa Charles huyohuyo. Ndugu mmoja akajenga stesheni ya kupokea abiria, na mwajiri wa ndugu wa pili akaziba mahali ambapo abiria hao wangeishi.

Chukua jumba moja la tajiri wa Sydenham Hill enzi hizo. Ndani mna mwenye nyumba, mke, watoto, mpishi, watumishi, mlezi, mtunza bustani, na huenda mwendesha farasi. Watu wengi, lakini anayepanda treni kwenda mjini asubuhi ni mmoja tu, tena huenda ana gari lake la farasi. Eneo lilelile likijengwa nyumba za safu lingetoa abiria 30 au 40. Upande wa pili wa kilima, kuelekea Sydenham na Forest Hill, watu walikuwepo, ila hao walikuwa na stesheni za Brighton karibu na milango yao.

Kwa hiyo stesheni ndogo za katikati ya tawi zilikuwa nzuri na tupu. Honor Oak na Lordship Lane zilifunguliwa mwaka 1865. Upper Sydenham, iliyobanwa kati ya yale mahandaki mawili katikati ya miti, ilifuata mwaka 1884.

Ushahidi wa jambo hili uko ukutani, katika jumba la sanaa la Courtauld. Mchoraji Camille Pissarro alikimbilia London wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia mwaka 1870, akaishi karibu na kilima hiki. Mwaka 1871 alisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu lililovuka reli, akaichora stesheni ya Lordship Lane. Treni nyeusi ndogo inakuja moja kwa moja kuelekea kwa mtazamaji, moshi wake mweupe unapotea kwenye anga la kijivu. Kulia na kushoto ni miteremko ya nyasi. Nyumba zipo, lakini zimesogea mbali, na katikati ni udongo mtupu. Kwa miaka mingi picha hii ilidhaniwa kuwa ni ya stesheni ya Penge. Uchunguzi wa kitaalamu wa turubai umeonyesha kwamba kwenye mteremko wa kulia Pissarro alikuwa amemchora mtu akikata nyasi, kisha akamfunika kwa rangi. Ikabaki treni, ikabaki njia, na hakuna mtu hata mmoja.

Sidhani alikusudia kueleza uchumi wa reli. Lakini sijaona maelezo bora ya tatizo la tawi hili kuliko picha hiyo.

Mmiliki mmoja, milango miwili

Ushindani ndio uliozaa stesheni ya juu. Mwaka 1923 ushindani huo ukafutwa kwa sheria: kampuni za reli za Uingereza ziliunganishwa kuwa nne kubwa, na kusini yote ikawa ya Southern Railway. Kuanzia siku hiyo kampuni moja ilimiliki stesheni mbili za kilima kimoja, zikitumikia kasri moja. Uzi huu husahaulika sana, nami nauona mzito kuliko moto. Ndugu wawili waliokuwa wakigombea mlango sasa walikuwa wanalishwa na baba mmoja, na baba huanza kuhesabu vinywa.

Tayari kulikuwa na dalili. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, tawi lote lilifungwa tarehe 1 Januari 1917 ili kuokoa wafanyakazi na makaa, likafunguliwa tena tarehe 1 Machi 1919. Kasri lenyewe lilikuwa limegeuzwa kambi ya mafunzo ya jeshi la majini. Stesheni ya chini iliendelea na kazi. Mameneja walipolazimika kuchagua, walijua ni ipi inaweza kukosekana.

Southern Railway haikuitupa, tuseme ukweli. Tarehe 12 Julai 1925 tawi liliingizwa umeme wa reli ya tatu, ile inayolazwa kando ya njia na kuipa treni umeme. Huo ulikuwa uwekezaji wa maana. Treni za umeme zilipanda kilima bila kuhema. Lakini umeme uliingizwa kwenye njia nyingine pia, na mabasi nayo yalikuwa yanafika Crystal Palace Parade kutoka kila upande, yakimshusha mtu barabarani juu, pasipo ngazi wala handaki.

Halafu ukaja ule usiku wa Novemba 1936. Moto ulianza jioni, ndani ya jengo la chuma na vioo lenye sakafu za mbao kavu za miaka 80. Magari ya zimamoto 89 na wazima moto zaidi ya 400 hawakuweza kuliokoa. Asubuhi yake High Level ilikuwa imesimama nzima ng'ambo ya barabara, mapokezi ya nyumba ambayo haipo. Wageni wa Jumamosi na Jumapili hawakuwa na kitu cha kuja kutazama. Wakabaki wale abiria wa kila siku, wachache kama walivyokuwa tangu mwanzo.

Vita vya pili vikaongeza yake. Ukumbi wa nguzo chini ya barabara uligeuzwa mahali pa kujikinga na mabomu. Stesheni ya Lordship Lane iliharibiwa. Tarehe 22 Mei 1944 tawi likafungwa kwa mara ya pili katika maisha yake, likafunguliwa tarehe 4 Machi 1946. Mtu ambaye kwa karibu miaka miwili ameshazoea basi, au ameshazoea kuteremka hadi stesheni ya chini, harudi kwa sababu tu umetundika ratiba mpya ukutani. Wengi hawakurudi.

Mwaka 1948 reli zikataifishwa. Shirika jipya la umma lilirithi njia zilizochoka nchi nzima, mabehewa ya zamani, madaraja ya kutengeneza, na hapa kilimani ukumbi mkubwa wa 1865 wenye paa lililopoteza vioo. Kulitengeneza kungegharimu fedha nyingi kwa ajili ya abiria ambao ungeweza kuwahesabu jukwaani.

Tena kuna suala la njia, ambalo wasiopenda habari za reli hulipita. High Level ilikuwa mwisho wa reli. Treni iliingia, ikasimama, ikarudi ilikotoka. Ilipofika Nunhead ikateremka kuelekea mjini, ilitumia njia ileile na treni zinazotoka Catford, na njia ya kuingia London asubuhi ni mali adimu: kila treni inayopewa nafasi inainyima nyingine. Treni moja iliyojaa kutoka Catford au treni moja yenye viti vitupu kutoka kilimani? Stesheni ya chini haikuwa na shida hiyo. Ile ni stesheni ya kupitia. Kutoka hapo treni zilikwenda Victoria, zilikwenda London Bridge, zilikwenda pande za Croydon na Beckenham. Mtu ambaye hakujali kasri hata kidogo aliitumia kwa sababu ilikuwa njiani. Hakuna aliyewahi kuwa njiani kupitia High Level.

Jumapili tarehe 19 Septemba 1954 treni maalumu ya mvuke, iliyopewa jina la Palace Centenarian kwa kuadhimisha miaka 100 tangu kasri kufunguliwa kilimani, ilipanda na kuteremka ikiwa imejaa wapenda reli. Kesho yake tawi likawa limefungwa. Reli zikang'olewa, na mwaka 1961 ukumbi wa Barry ukabomolewa.

Kinachoniuma ni wakati. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, mamlaka za London zilizokuwa na njaa ya viwanja vya makazi baada ya mabomu zilianza kujenga nyumba za ghorofa za umma kwenye miteremko ya Dulwich na Sydenham, pale pale ambapo mfuko wa chuo ulikuwa umezuia msongamano kwa karne nzima. Mahali pa stesheni ya Lordship Lane pakawa makazi. Majirani ambao tawi liliwasubiri tangu 1865 walifika reli ikiwa inaondoka. Kwa daftari la mwaka 1954, uamuzi wa kufunga una hesabu zake, na sina haki ya kuwaita waliouamua wajinga. Kwa daftari la miaka 10 mbele, walifunga duka asubuhi ya siku ya soko.

Ile treni iliyozikwa

Hadithi ya treni yenye mifupa ya abiria waliovaa kofia ndefu mara nyingi huambatanishwa na mahandaki ya High Level. Asili yake ni jambo lingine, na ni la kweli. Mwaka 1864, mhandisi Thomas Webster Rammell alijenga ndani ya bustani ya kasri reli ya majaribio inayoendeshwa kwa hewa. Behewa moja liliingia kwenye handaki la matofali la urefu wa mita 550 hivi, likiwa limezibwa kingo zake kwa manyoya ya brashi ili hewa isivuje, na feni kubwa ikalisukuma kwa nyuma kama mtu anavyopuliza kokwa kwenye mrija. Kwa kurudi, feni ililivuta. Watu walilipa peni 6 kulipanda. Ilifanya kazi takriban miezi miwili, ikaondolewa.

Baadaye watu wakasema behewa liliachwa ndani. Hakuna behewa lililowahi kupatikana. Lakini ukiwa na handaki moja lililopotea upande huu wa barabara na mahandaki mawili yaliyofungwa upande ule, si ajabu hadithi kuhama nyumba.

Kilichobaki

Pale zilipokuwa reli za High Level sasa pana nyumba za makazi, Spinney Gardens, na ukichungulia unaona ukuta mrefu wa matofali wa enzi ya Barry bado unaizuia barabara isiporomoke. Handaki la Crescent Wood limezibwa na kuachiwa popo. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Upper Sydenham bado inakaliwa na watu. Sehemu ya njia imekuwa msitu wa hifadhi, Sydenham Hill Wood. Ukisimama kwenye daraja linalosimama mahali pa lile la Pissarro na kutazama upande aliotazama, unaona majani tu, miti imeota katikati ya njia hadi stesheni, makazi na anga vyote vimejificha nyuma yake.

Ukumbi wa nguzo ndio uliookolewa. Mwaka 2018 ulipandishwa hadhi katika orodha ya majengo ya kihistoria ya Uingereza, ukapewa daraja la pili lenye nyota, na baada ya miaka ya wenyeji kuupigania ukakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2024, na ua wake ukaezekwa upya kwa chuma na vioo. Anayetaka kuuona hufika kwa treni hadi stesheni ya chini. Kisha hutoka nje na kupanda kilima kwa miguu, kama wale wa mwaka 1854.